Cherehani ya parachuti: anza na ya zigizaga

Ukitaka kukarabati parachuti, usikimbilie cherehani kubwa ya mikanda. Kazi nyingi ni viraka vya mwavuli, yaani kitambaa kinachofunguka angani, na nailoni hiyo nyepesi cherehani ya Singer 20U inaimudu vizuri, mshono wa kawaida na wa zigizaga. Begi la kubebea parachuti liachie Consew 206RB: sindano na mguu wake husogeza tabaka zote pamoja. Mikanda inayombeba mrukaji ni ya Singer 7-33, dude zito kweli, na nyingi utakazokuta ni kuukuu.

Ukienda kukagua iliyotumika, beba kitambaa na uzi wako mwenyewe, shona, kisha geuza uangalie mshono wa chini. Muuzaji atakuonyesha kwenye pamba laini. Hapo kila cherehani ni nzima! Mota ya klachi, ile inayozunguka muda wote, ibadilishe uweke ya servo, inayokubali kwenda polepole.