Kabla hujapeleka uchovu wako kwa munganga

Hesabu miezi kwanza. Uchovu sugu unaozungumzwa hapa, ule wa ugonjwa uitwao ME/CFS, kwa mtu mzima ni wa miezi 6 na zaidi, kupumzika hakuuondoi, na kazi ulizozizoea zimekushinda.

Beba karatasi zote za labo. Hakuna kipimo kimoja kinachouonyesha ugonjwa huu, kwa hiyo vinavyofanana nao vitafutwe kwanza: malaria, upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, VVU.

Serumu ya "kurudisha nguvu" uikatae mpaka uambiwe inatibu nini. Mimi nilitundikiwa tatu. Pesa yote niliikojoa.

Halafu andika ulichofanya juzi. Nimesema juzi, si jana. Nilipotoka kwenye homa iliyonilaza, niliambiwa, "Mama, fanya mazoezi, utazoea." Jumamosi moja nikaamka mwepesi. Nikafua, nikateka maji, nikapandisha bidoni ya lita 20 hadi nyumbani Kadutu, Bukavu, majirani wakinipongeza. Jumapili nikaenda misa, nikaimba. Jumatatu nikashika kitana. Mkono ukafika sikioni, ukashuka. Binti yangu ndiye aliyemaliza kunichana. Koo liliuma, mwanga wa dirisha ulinichoma, na neno "sufuria" lilinipotea kabisa, nikawa naionyesha kwa kidole. Siku 9 kitandani. Nikasema ni malaria. Kipimo kikatoka safi. Ilijirudia mara nne ndipo nikaona kwamba kila anguko lina Jumamosi yake.

Hiyo ndiyo alama yake kubwa: unazidiwa baada ya kujitumikisha, mara nyingi saa 12 hadi 48 baadaye, na kazi ya kichwa nayo inahesabika. Uingereza, tangu 2021, mwongozo wao wa matibabu unakataza kuwapangia wagonjwa hawa mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo. Kwa hiyo siku ukijisikia vizuri, fanya nusu ya unachotamani, ukae.

Andika pia usingizi unaoamka nao umechoka vilevile, na kizunguzungu ukisimama. Ukikonda, ukikohoa au ukilowa jasho usiku, usingoje miezi 6, nenda wiki hii. Panda moto (pikipiki), usipande mlima kwa miguu. Nenda na mtu atakayekumbuka yaliyosemwa. Na vidonge vya barabarani uviache, na mkesha wa kuombewa hadi alfajiri uuahirishe. Waje wakuombee mchana, wewe umelala.