Somo: Kutambua rimu za magari ya kale

Pima kwanza, jina la gari litakuja baadaye.

1. Ondoa kutu kwa brashi ya waya. Grainda usiiguse, inakula alama zilizogongwa kwenye chuma.

2. Pima kipenyo pale tairi linapokaa, si ukingo wa nje. Ukipima ukingoni, rimu ya inchi 19 itasoma 20 na ushei, nawe utaagiza tairi lisiloingia.

Kama tairi bado lipo, soma maandishi kwa makini, maana wengi hupotelea hapa. Kwenye 4.50-21, 21 ni rimu. Lakini kwenye 30x3½, 30 ni kimo cha tairi zima. Toa 3½, unene wa tairi, mara mbili (juu na chini): rimu ni inchi 23.

3. Angalia ukingo. Uliojikunja ndani kama ndoana unashika tairi la aina yake tu. Tairi la kawaida litachomoka. Ukiona ringi ya kufungia iliyokatwa, toa upepo wote kabla ya kuigusa. Ringi hiyo ikifyatuka inaua.

4. Pima kutoka katikati ya tundu la nati hadi katikati ya tundu jirani. Kwa matundu matano, zidisha kwa 1.701 upate kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote. Milimita 82 inakupa milimita 139.5, takribani inchi 5½.

5. Sasa linganisha. Rimu za Ford zenye spoki za waya: inchi 21 ni 1928–29, 19 ni 1930–31, 18 ni 1932, 17 ni 1933–34, 16 ni 1935. Matundu matano kwenye duara pana la inchi 10¼ yalianza 1936.

Maswali

*Matundu yangu yameliwa, katikati haionekani vizuri.*
Ruka tundu moja, pima hadi la pili yake, zidisha kwa 1.051. Kosa la milimita moja halikui sana.

*Inchi 5½ matundu matano, basi ni Ford?*
Hapana. Hata Jeep za Willys zinayo. Rudi kwenye kipenyo na spoki.

*Nina seti ya rimu za mbao za Ford Model T, spoki 12, mbele inchi 24, nyuma 23. Imechanganywa?*
La, ndivyo zilivyotoka kiwandani kabla ya 1919: mbele 30x3, nyuma 30x3½.

*Spoki za mbao zinacheza. Nilowanishe?*
Usithubutu. Mbao itavimba, ikikauka italegea zaidi. Zibadilishwe.