Ukishapakwa floraidi, usikimbilie mswaki

Ukitoka kupakwa floraidi, madini ya kuimarisha meno, kwa daktari wa meno, ulimi utagusa kitu kinachonata, kama utando, na meno huenda yakaonekana na umanjano kidogo. Usiukwangue. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Uache kwa muda wa saa 4 hadi 6 hivi, na muda huo kaa mbali na vya moto, vigumu na vya kunata. Maji ya kawaida kunywa tu.

Kinachofanyika ni hiki: kila ukila kitu cha sukari, bakteria wa mdomoni hutoa asidi, nayo huchomoa madini ya kalsiamu na fosfeti kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Mate huyarudisha madini hayo polepole. Floraidi ikiwepo, kazi hiyo huenda haraka, na tabaka linalojengwa upya huwa sugu kwa asidi kuliko la mwanzo. Dawa nyingi za meno za nyumbani zina floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Ile ya kupakwa kwa kawaida ina 22,600. Ndiyo maana hupakwa kidogo sana, kila miezi 3 hadi 6, tena na mtu aliyesomea.

Jitazame kwenye kioo, pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, wahi: mara nyingi ni enameli imeanza kudhoofika ila haijatoboka, na hapo ndipo floraidi inapofaa hasa. Tundu likishafunguka, haizibi.