Kurutubisha mayai ya kambale: ganda lisiguswe na maji mapema

Ganda la yai la kambale lina kitundu kimoja cha kupitisha mbegu ya kiume. Likiguswa na maji, huvimba na kitundu hujifunga upesi; mbegu nazo majini huishiwa nguvu baada ya takriban dakika 1. Kwa hiyo kausha kabisa bakuli, mikono na tumbo la samaki.

Kamua mayai ya jike. Dume hakamuliki: huchinjwa, korodani zikakatwa na majimaji yake kumwagiwa mayai. Changanya kwa unyoya wa kuku, ndipo uongeze maji safi, kiasi sawa na mayai, ukikoroga dakika 1. Tandaza haraka kwenye wavu, tabaka moja, kabla hayajagandamana. Kwenye maji ya nyuzi joto 28 za Selsiasi huanguliwa baada ya saa 24 hivi. Yaliyogeuka meupe yamekufa. Yaondoe, yataleta kuvu.