Sauti ya rekoda kwenye video ya simu: kofi moja halitoshi

Mwalimu wa kwaya alinipigia saa tatu usiku, salamu yenyewe ya haraka haraka. "Ndugu yangu, mbona watu wangu wanafumba midomo ndipo sauti inatoka?" Nikafungua video niliyomkabidhi mchana. Wimbo wa kwanza, safi. Wa tano umeteleza kidogo. Wa mwisho, kama saa moja mbele, fimbo ya mpiga ngoma imeshainuka tena ndipo mdundo unasikika.

Sauti niliirekodi kwa rekoda, picha kwa simu, nikazisinki, yaani kuzioanisha, kwa kofi moja la mwanzo, nikaona limekaa, nikaenda kulala. Siku hizi nafanya hivi.

Kazi inaanzia kanisani. Rekoda naiweka mbele ya kwaya na kuipanga kwenye 48000 Hz, yaani vipimo 48000 vya sauti kila sekunde, kwa sababu ndicho kipimo cha sauti ya video. Simu iko kwenye stendi nyuma, ili kwaya nzima ionekane. Kabla ya wimbo wa kwanza namwomba mtu asimame jirani na rekoda, auelekee upande wa simu, apige kofi moja kavu, mikono ikiwa juu. Wimbo wa mwisho ukiisha, kabla mtu yeyote hajazima chochote, anapiga la pili. Hilo la pili ndilo watu wanalisahau, maana kila mtu anawahi chai.

Nikifika nyumbani siingizi video moja kwa moja. Simu haipigi picha kwa mwendo mmoja: umeipanga fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukififia inaweza kupunguza bila kukuambia. Programu ya sauti inaweza kuyumba hapo. Kwa hiyo naipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, nachagua fremu 30 na mwendo usiobadilika, naiacha ifanye kazi nikila.

Kuhariri natumia programu ya sauti iitwayo Reaper. Nyingine, Audacity, ni nzuri na haina gharama, ila video ukiitia humo inachukua sauti tu, picha huioni. Reaper unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Fungua mradi mpya, bonyeza Alt+Enter ufungue mipangilio yake, weka 48000 na fremu 30 ziwe sawa na za video. Buruta video kutoka kwenye folda uidondoshe kwenye traki (mstari wa sauti) ya kwanza, faili la rekoda traki ya pili. Ctrl+Shift+V inafungua dirisha la picha. Ukiona jeusi na unatumia Windows, mara nyingi kompyuta imekosa kisoma video. Weka VLC, funga Reaper, ifungue tena.

Sasa vuta karibu mpaka kofi la kwanza lionekane kwenye traki zote mbili. Kofi hulikosi: ni mwiba mmoja mrefu umesimama peke yake kwenye wimbi lililolala. Zima sumaku ya gridi, inayonasisha vipande kwenye mistari ya muda, kwa Alt+S, la sivyo kipande kitakurukia kila ukikisogeza. Kata faili la rekoda lianzie hasa kwenye mwiba wa kwanza, kisha nenda mwisho ulikate liishie hasa kwenye mwiba wa pili. Lisogeze mwanzo wake ukae juu ya kofi la kwanza la simu. Halafu tazama mwisho. Kwangu siku ile pengo lilikuwa karibu milisekunde 200.

Rekoda na simu kila kimoja kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Kwa wimbo wa dakika nne hutaona kitu. Kwa ibada nzima utapigiwa simu usiku.

Dawa yake: shika ukingo wa kulia wa faili la rekoda huku umebonyeza Alt, uvute mpaka ukutane na kofi la pili la simu. Faili lote linanyooka au kubana kwa uwiano. Kisha bonyeza F2 ufungue mipangilio ya faili hilo, utoe alama ya kulinda kimo cha sauti. Utaogopa kwamba soprano watapanda, lakini milisekunde 200 ndani ya saa moja ni chini ya sehemu moja katika 10,000. Hakuna sikio litakalosikia, na sauti inabaki safi kuliko programu ikilazimika kuichezea.

Hapo wengi wanasimama, na bado kuna kosa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Simu ikiwa mita 30 kutoka kwa kwaya, kofi limeifikia limechelewa milisekunde 87 hivi, karibu fremu tatu. Umeoanisha na sauti iliyochelewa. Sasa sahau mawimbi, angalia dirisha la picha: tafuta fremu ambayo viganja vinagusana, usogeze faili la rekoda kushoto mpaka mwiba ukae hapo. Ukishindwa kuchagua kati ya fremu mbili, chukua ya baadaye. Tumezoea kuona radi kabla ya ngurumo, kwa hiyo sauti iliyochelewa kidogo inasameheka. Inayotangulia mdomo inakera mara moja.

Kagua kwa hedifoni za waya. Za Bluetooth zenyewe huchelewesha, na nimewahi kupoteza jioni nzima nikirekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Ikikaa sawa mwanzo, katikati na mwisho, bonyeza Ctrl+Alt+R ili kutoa faili la mwisho, chagua aina ya video, MP4, 48000, fremu 30. Kabla ya hapo shusha kitelezi cha sauti cha traki ya simu mpaka chini kabisa. Usibonyeze M ya kunyamazisha, maana picha nayo inaweza kuondoka. Mimi niliwahi kusahau kukishusha, na mwalimu yule yule akapiga tena, safari hii akicheka, akiuliza kwaya ya pili niliitoa wapi.