Namna ya kulinganisha pikapu za PAF za zamani na nakala zake za leo

Mtu anayetaka kujua kama nakala ya leo inafikia pikapu ya zamani lazima kwanza aijue hiyo ya zamani. PAF ni pikapu ya gitaa la umeme, yaani kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, yenye koili mbili za waya uliozungushwa, iliyobuniwa na Seth Lover katika kampuni ya Gibson, huko Kalamazoo, Michigan, mwaka 1955, ili mvumo wa umeme unaonaswa na koili moja ufutwe na koili ya pili. Magitaa ya Gibson aina ya Les Paul yalianza kufungwa pikapu hizo mwaka 1957, zikiwa na kibandiko kidogo cheusi mgongoni chenye maandishi ya dhahabu yanayotangaza kwamba hataza imeombwa, na herufi za mwanzo za maneno hayo kwa Kiingereza, Patent Applied For, ndizo zilizozaa jina PAF. Hataza ilitolewa mwaka 1959, ila vibandiko vile viliendelea kutumika hadi miaka ya mwanzo ya 1960. Kibandiko peke yake hakithibitishi chochote, kwa sababu nacho kinaigwa na kuuzwa.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba pikapu hizo za asili hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Idadi ya mizunguko ya waya haikudhibitiwa kwa ukali, koili mbili za pikapu moja huweza kutofautiana, na sumaku za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) zilizotiwa ndani hazikuwa za daraja moja. Ndiyo maana ukinzani wa nyingi, yaani kiasi ambacho waya unazuia umeme, hupimwa kati ya takriban kiloomu 7 na 9. Anayekuambia kwamba nakala yake ina "sauti ya PAF" hajakuambia kitu mpaka aseme ni PAF ipi aliyoiiga, ina ukinzani kiasi gani na sumaku ya daraja gani. Chagua basi pikapu moja mahususi ya asili, na nakala inayokaribiana nayo kwa vipimo. Ukilinganisha ya kiloomu 7.4 na ya kiloomu 8.6 utasikia tofauti ya waya, na hutajua lolote kuhusu umri.

Anza kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Achanisha waya wa pikapu na poti ya sauti (kidhibiti cha kupandisha na kushusha sauti) kabla ya kupima, kwa maana pikapu ya kiloomu 8.00 iliyounganishwa na poti ya kiloomu 500 itasomeka takriban 7.87. Andika pia joto la chumba. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja ya selsiasi, hivyo pikapu iliyosomeka 8.00 kwenye nyuzijoto 20 itasomeka takriban 8.31 kwenye nyuzijoto 30. Anayepima Dar es Salaam mchana wa Februari na kulinganisha na karatasi ya vipimo kutoka karakana yenye baridi anaweza kuilaumu nakala bure.

Hata hivyo ukinzani hausemi mengi kuhusu mlio. Kinachoamua zaidi mahali sauti nyembamba zinapokatikia ni indaktansi ya pikapu (uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya mkondo) ikishirikiana na kapasitansi ya kebo (uwezo wake wa kuhifadhi chaji), na hapa ndipo walinganishaji wengi hupotea. Chukua pikapu yenye indaktansi ya henri 4.5, na tuseme kapasitansi yake pamoja na nyaya za ndani ya gitaa ni pikofaradi 100. Ukiongeza kebo ya mita 3 yenye pikofaradi 100 kwa kila mita, kilele cha mwitikio, yaani mahali sauti inapotoka kwa nguvu zaidi, hukaa karibu na hezi 3,750. Ukibadili kebo iwe ya mita 6, kilele hushuka hadi karibu hezi 2,840. Tofauti hiyo ni kubwa na inasikika wazi, ilhali pikapu haijaguswa. Tumia kebo ileile, poti zilezile na amplifaya ileile iliyowekwa vilevile tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha gonga taratibu kifuniko cha kila pikapu kwa ukucha, amplifaya ikiwa imewashwa. PAF hazikuzamishwa kwenye nta, kwa hiyo kugonga huko husikika kama mtu anayebisha hodi. Nakala nyingi hutiwa nta ili zisipige yowe jukwaani, na nakala ya namna hiyo hukaa kimya. Mimi huliona jambo hili kuwa la maana kuliko hadithi za sumaku kuchakaa: alniko iliyotunzwa vizuri hupoteza nguvu kidogo sana kwa miaka, lakini koili isiyo na nta huchangia mtikisiko wake katika mlio, hasa sauti ikipandishwa.

Zifunge pikapu hizo kwa zamu katika gitaa moja, mahali pamoja, na uweke nyuzi mpya za aina moja kila unapobadili. Bonyeza uzi kwenye kigawanyo cha mwisho (ukingo wa chuma ulio mwisho wa shingo), upime nafasi kati yake na pikapu, milimita 2.4 upande wa shingo na 1.6 upande wa daraja ni mwanzo mzuri. Niliwahi kuisifu pikapu kuukuu jioni nzima, na kesho yake nikagundua kwamba ilikuwa karibu na nyuzi kwa nusu milimita zaidi. Sikio hulipenda lenye sauti kubwa.

Kwa sababu hiyohiyo rekodi kipande kifupi kwa kila pikapu, sawazisha viwango vya sauti kwenye kompyuta, kisha mwombe rafiki akuchezee rekodi hizo mara 10 kwa mpangilio usioujua, nawe utaje kila mara ni ipi. Anayebahatisha tu ana nafasi ya takriban asilimia 1 ya kupata 9 au zaidi, kwa hiyo matokeo ya 5 au 6 yachukuliwe kwamba hukutofautisha. Sikiliza hasa nyuzi nene upande wa shingo, poti ya sauti ikiwa imeteremshwa hadi 7, uone kama kila noti ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) bado inasikika peke yake.

Kifuniko cha ile ya asili usikifungue kwa udadisi, kwa kuwa lehemu ya kiwandani ikishavunjwa hairudishiki, na thamani yake hushuka hata kama ndani hukugusa kitu.