Dayodi katika Saketi Ndogo: Mahali pa Kuiweka na Namna ya Kuichagua

Dayodi huruhusu mkondo wa umeme upite upande mmoja tu, kutoka mguu wake wa kuingilia, anodi, kwenda ule wa kutokea, kathodi. Fundi anayefungua redio, chaja au taa za sola mjini Arua, Mbale au Katwe jijini Kampala huikuta kila siku, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na bodi ambayo ingeweza kuokolewa nayo. Kwa sababu hiyo, inafaa kila anayejifunza kazi hii ajue kuiweka mahali pake.

Anza kwa kuipima. Mstari uliozunguka ncha moja ya dayodi huonyesha kathodi. Weka multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye alama ya dayodi, gusisha waya mwekundu kwenye mguu usio na mstari na mweusi kwenye mguu wenye mstari: dayodi nzima ya silikoni, kama vile 1N4007, husoma kati ya 0.5 na 0.7. Ukigeuza nyaya, multimita isionyeshe kupita kwa mkondo. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, dayodi imeungua. Isiposoma kabisa pande zote mbili, imekatika ndani. Ikiwa bado imelehemewa kwenye bodi, inua mguu wake mmoja kwanza, maana vifaa vya jirani huweza kuharibu kipimo.

Namba hiyo uliyoisoma ina maana kubwa, kwani inakaribia kiasi cha volti zinazopotea ndani ya dayodi kila inapopitisha mkondo, na ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi wako. Chukua mfano wa betri ya pikipiki ya volti 12 inayowasha redio ndogo. Ili redio isiungue mtu akigeuza nyaya za betri, unga dayodi kwenye waya wa chanya, mstari ukielekea kwenye redio; redio itapata zaidi ya volti 11 na haitaona tofauti. Lakini ukifanya hivyo kwenye waya wa volti 5 unaochaji simu, zitabaki karibu volti 4.3, na simu nyingi zitakataa kuchaji. Hapo tumia dayodi ya Schottky, kwa mfano 1N5822, ambayo hubeba ampea 3 na hupoteza volti chache zaidi. Joto nalo lisisahauliwe: ampea 3 zikipita kwenye dayodi inayopoteza volti 0.7, wati 2.1 hugeuka kuwa joto, na 1N4007, iliyotengenezwa kwa ampea 1, haitastahimili.

Kwa taa za sola vijijini, dayodi ina kazi nyingine. Paneli ikiungwa moja kwa moja na betri, usiku mkondo huweza kurudi kutoka betri kwenda paneli na kuipunguzia betri chaji. Unga dayodi kati ya chanya ya paneli na chanya ya betri, mstari ukielekea betri. Paneli iliyokusudiwa betri ya volti 12 hutoa karibu volti 17 au 18 juani, kwa hiyo volti moja ikipungua si tatizo. Ikiwa kuna kidhibiti chaji, kwa kawaida chenyewe huzuia mkondo huo, na sishauri kuongeza dayodi nyingine. Pasipo kidhibiti, ipime betri mara kwa mara ili isichajiwe kupita kiasi, kwa sababu dayodi haiwezi kuzuia hilo.

Kwa umeme wa nyumbani wa volti 240, dayodi nne zikipangwa kama daraja baada ya transfoma hugeuza umeme unaobadilisha mwelekeo kuwa wa mwelekeo mmoja. Umeme wa transfoma ya volti 12 hupanda na kushuka, na kilele chake ni karibu volti 17. Ondoa volti 1.4 za dayodi mbili zinazopitisha mkondo kwa wakati mmoja, nawe utapata karibu 15.6 kwenye kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji na kutuliza volti. Ndiyo maana kapasita ya volti 16 haifai hapo; weka ya 25 au, kwa usalama zaidi, 35. Weka fyuzi upande wa volti 240, na usiguse chochote upande huo kabla ya kuchomoa plagi.

Mwisho ni relei, yaani swichi inayovutwa na koili ya waya inayogeuka sumaku umeme unapopita. Transista, inayotumika hapa kuwasha na kuzima koili, inapokata mkondo wa koili hiyo, koili hurusha volti nyingi kwa ghafla, na volti hizo huua transista hata kama saketi yote imeungwa sawasawa. Unga 1N4007 sambamba na koili, karibu nayo kabisa, mstari ukiwa upande wa chanya. Ukiigeuza, transista itakapowaka chanya itapita moja kwa moja kwenye dayodi na transista, na kimojawapo kitaungua papo hapo. Kwa hiyo utazame mstari huo tena kabla ya kuunga betri.